Siku Waliyonitembeza kwa Tramu

Nilijua kuna mtu wangu amekufa pale walipokataa chai.

Walikuwa wawili mlangoni pangu, Sparkhill, saa tatu asubuhi siku ya Jumanne, katikati ya majira ya baridi, na ile mvua nyembamba ya huku ambayo hainyeshi wala haiachi. Mmoja ni nesi, Mkenya mwenzangu, mtu wa miaka sitini hivi, ambaye tumesali naye kanisa moja tangu nifike Birmingham. Wa pili ni dada Mkongo kutoka Uvira, mdogo wetu sote, anayeimba kwaya na kuogopa ngazi za umeme. Niliwakaribisha, nikabandika sufuria, maziwa na majani na tangawizi, na nesi akasema upesi upesi, "Hapana, usijisumbue, hatukai." Mkenya aliyetoka kwenye baridi akakuta chai inaanza kuchemka, kisha akasema hakai, huyo ana jambo kinywani. Nikazima moto.

Mwingine asingegundua. Mimi niligundua kwa sababu sheria ya kukataa chai niliitunga mwenyewe.

Niieleze kazi hiyo, maana siku hizi siifanyi tena. Kwa watu wetu, habari ya msiba haipewi mtu kwa simu. Ukiwa mbali na kwenu na mtu wako akafariki, jamaa zako hawakupigii wewe. Wanampigia mtu aliye karibu nawe, naye anatafuta wenzake, wanakuja kukuambia ukiwa umeketi, umezungukwa na watu. Kenya ni hivyo, na Wakongo nao ni vivyo hivyo. Lakini hapa mambo yalikuwa yakifanywa ovyo. Katika mwaka wangu wa pili, mwenzetu mmoja aliambiwa kwa simu kwamba babake hayupo tena, naye yuko zamu, amemshika mkono mzee wa Kizungu akimtoa bafuni. Alikaa chini palepale sakafuni, na mzee wa watu akabaki amesimama uchi, anatetemeka, anauliza kama chakula kiko tayari. Tangu siku hiyo nikajitwika kazi ya kupanga. Nina ulimi mkali na napenda mambo yaende kwa utaratibu, na kanisani waliniachia kwa furaha, jinsi watu wanavyomwachia mtu vyombo vya kuosha baada ya sherehe.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Simu ya mfiwa ichukuliwe kwanza, kwa hila yoyote, kabla mtu asiye na breki hajamwandikia pole kwenye kikundi cha kanisa. Mfiwa atolewe nyumbani atembezwe, ili nyuma yake wengine waingie kupanga viti na kupika. Ale kitu, hata kama hataki. Asiachwe peke yake hata kidogo. Chai isinywewe naye kabla, kwa sababu ukikaa na mtu juu ya kikombe utasema tu. Kisha arudishwe, aketishwe, aambiwe nani amefariki bila kuzungushwa. Na mezani kuwe na simu iliyofunguliwa sauti, na mtu wa nyumbani awe upande wa pili, ili mfiwa asikie sauti ya kwao mapema. Hilo la simu niliongeza mwaka uliotangulia, nikajiona nimefanya jambo la maana.

"Simu yangu imezima chaji," nesi akasema. "Ebu nipe yako nimpigie bwanangu kidogo."

Nikampa. Hila hiyo nayo ni yangu. Akaenda nayo karibu na dirisha, akajifanya anapiga, akaitia ndani ya mkoba wake na kufunga zipu. Nilimtazama kama mwalimu anayesimamia mtihani.

"Si wewe husema kila siku, one day utapanda tram uzunguke town bila haraka? Leo uko off, sisi pia tuko off. Vaa koti twende."

"Na hii mvua?"

"Mvua ya Birmingham utaingojea iishe?"

Ni kweli nilikuwa nikisema hivyo. Nyumba ya wazee ninakofanya kazi iko Sutton Coldfield. Kila siku ya zamu ni basi hadi katikati ya mji, mbio hadi stesheni, treni, halafu jioni vivyo hivyo kwa kinyume. Miaka kumi na moja nilikuwa nikipita katikati ya mji kama mtu anayepita sebule ya wenyewe kwenda msalani, macho chini, samahani, samahani. Nikiiona ile tramu ya buluu inateleza barabarani katikati ya watu, bila kelele, nilikuwa nikisema siku moja nitaipanda nikae tu, isinipeleke kazini wala kunitoa. Kumbe walikuwa wakinisikia. Nilijua jambo hilo linapaswa kunigusa. Halikunigusa. Nilivaa koti, nikatafuta mwavuli, nikakagua kama nimezima jiko, na katika mwili wangu wote hapakuwa na kitu kinachosogea.

Ndani ya basi walinibana dirishani, mmoja pembeni, mwingine nyuma. Stratford Road ilikuwa kama kawaida yake, maduka ya nguo za harusi, mabucha ya halali, basi nyuma ya basi. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri ni nani, na hesabu ilikuwa fupi sana. Nilikuwa na watu wawili tu duniani ambao habari yao ingeletwa kwangu namna hiyo. Wa kwanza ni mamangu, mwenye miaka sabini na tisa, huko Kitale. Wa pili ni binti yangu, mwenye miaka kumi na tisa, anayeishi naye katika nyumba hiyohiyo.

Nilimwacha akiwa na miaka minane. Nilimwambia ni miaka miwili tu. Karatasi za kumleta huku zikakataa, zikakubali nusu, zikakataa tena, kisha akapita umri. Mamangu ndiye aliyemlea, akamtoa meno ya utoto, akamfundisha kukoroga ugali. Yeye anamwita Mama. Mimi ananiita Mami, na kwa simu akisema "ngoja nimuulize Mama," unajua sawasawa nani ni nani. Siku hizi alikuwa chuo cha ualimu, anakwenda asubuhi kwa bodaboda kwenye barabara ya malori, na kofia ya kujikinga anasema inamharibia nywele. Mama alikuwa na presha, lakini ile ya kumeza vidonge na kuendelea kulima. Jumapili tulikuwa tumeongea, akalalamika dakika ishirini juu ya kuku wa jirani.

Nilikuwa nimewapa wote wawili maagizo. Jambo likitokea, msinipigie mimi, mpigieni mchungaji wetu wa huku. Nilimwandikisha binti yangu nambari, nikamfanya anisomee. Alibisha.

"Kwani wewe ni ofisi, Mami? Upigiwe kupitia kwa karani?"

"Huo ndio utaratibu," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeupanga."

Kwa hiyo palikuwa na mmoja aliyekufa na mmoja aliye hai, na mimi nilikuwa njiani kwenda kutalii.

Tulipandia tramu pale kituo cha Grand Central, mbele ya stesheni kuu. Nesi alilipa tikiti zote tatu nami sikubishana hata kidogo, jambo ambalo lingemfumbua macho kama angekuwa ametulia. Kondakta alikuwa mama wa makamo mwenye lafudhi ya hapa ya kuburuta maneno. Aliniangalia, akaniuliza, "You all right, bab?" Hapa humwita mtu mzima hivyo, kama mtoto, na mara nyingi huwa inanichekesha. Nikamjibu niko sawa. Viti vilikuwa safi, madirisha makubwa. Kengele ikalia, tukaondoka polepole.

"Yaya, ona," dada Mkongo akasema. Ndivyo anavyoniita, yaya, dada mkubwa. "Hapa juu wanashusha ule mukono wa kushika waya, tram inatembea bila waya. Ni batterie tu. Mi nikisikia ile, naogopaka itasimama, mais haisimamake."

"Inaenda na nini basi kama hakuna stima?" nesi akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka mazungumzo yaendelee kwa gharama yoyote.

"Nimesema batterie, dada."

"Aaa. Battery."

Tulipita jumba la mji lenye nguzo nene za mawe. Tulipita uwanja wenye sanamu ya mwanamke wa shaba aliyelala ndani ya chemchemi, mvua inamwongezea maji asiyoyahitaji. Nesi alionyesha kila kitu kwa kidole. Nilitazama kila kilichoonyeshwa. Nilikuwa na ganzi, ile ya daktari wa meno, unapogusa shavu lako na mkono ndio unaohisi, shavu halihisi. Niliweza kusoma mabango, niliweza kusema "kumbe" na "eeh" mahali panapofaa. Nakumbuka niliwaza kwamba wanafanya kazi nzuri, ila nesi anaongea mno. Ningekuwa msimamizi ningemwambia apunguze.

Kabla ya kituo cha maktaba simu yangu ilianza kutetemeka.

Mkoba wa nesi ulikuwa umelala kati yetu, umegusa paja langu, na nilihisi ule mtetemo kupitia ngozi na koti na sketi. Ulitetemeka mpaka ukakata. Nesi aliuvuta mkoba akaupakata. Ukaanza tena.

"Watu wa kuuza vitu," akasema bila kuulizwa. "Siku hizi wanapiga hata mara mia."

"Wanasumbua," nikasema.

Kitu kimoja kilikuwa wazi kichwani mwangu, na nilikiona vizuri kabisa hata katika ganzi ile. Anayepiga simu yu hai. Kama ni binti yangu anayepiga, basi aliyekufa ni Mama. Jibu lilikuwa pale, ndani ya zipu, mbali nami kama urefu wa mkono. Ningesema tu, "Nipe simu yangu," na nesi angenipa, maana hakuna mtu wa kumkatalia mtu simu yake akisema hivyo. Lakini kama ni jirani? Kama ni Mama, ambaye hapigi kamwe, anayebonyeza kwa kidole kinachotetemeka kwa sababu binti yangu hayupo wa kumbonyezea? Nilikunja mikono kifuani. Simu ikatetemeka mara ya tatu, ya nne. Baada ya hapo sikuhesabu.

Tukashuka kwenye maktaba. Ni jengo kubwa lililovishwa pete za chuma juu mpaka chini. Dada Mkongo alisema limekaa kama keki ya harusi iliyofungwa na seng'enge, na nesi akacheka kupita kiasi. Tulisimama chini ya mwavuli mmoja, wanawake watatu wenye makoti mazito, tukilitazama jengo. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi sana bila kuinua kichwa. Sasa nilikuwa nimekiinua, na sikuona tofauti.

Tukapanda nyingine, kituo kimoja tu, tukashuka Brindleyplace, kwenye mfereji wenye mikahawa na mashua ndefu nyembamba za rangirangi. Tulipata benchi chini ya kibaraza. Nesi akatoa chapati kwenye foili, zimekunjwa na kuku ndani.

"Kula, dadangu. Umekonda."

Sijakonda tangu nije nchi hii. Nilikula. Nilijua kwamba wakiniona nimekataa wataingiwa na wasiwasi, na pia nilijua kwa nini ninalishwa, kwa hiyo nilikula chapati mbili nzima na sikupata ladha ya chumvi wala ya unga. Mashua moja ilipita taratibu, mwanamume amesimama nyuma ameshika usukani, mbwa amelala kwenye paa. Ni pale nilipofanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilisema moyoni, kwa maneno kamili, nikiwatazama mbwa na mvua: awe ni Mama.

Sikusema Mungu anisaidie, wala sikusema mapenzi yako yatimizwe. Nilichagua. Nilisema ana miaka sabini na tisa, amekula chumvi ya kutosha, ameona mjukuu, na huyu mwingine ni mtoto, bado hajanisamehe. Hilo ndilo nililosema, bado hajanisamehe, kana kwamba ilikuwa sababu ya kumwacha hai. Nilimtoa mamangu kama mtu anayesogeza kiti kumpisha mgeni. Moyo haukwenda mbio. Nikajifuta mafuta ya kuku mdomoni na kukunja foili vizuri, kwa kuwa inaweza kutumika tena.

Tukaenda mpaka mwisho wa njia, Edgbaston, ambako tramu inasimama na dereva anashuka, anatembea na mkoba wake mpaka upande wa pili, na nyuma inakuwa mbele. Nesi alipata simu, kwa simu yake mwenyewe iliyokuwa imezima chaji. Alipoona nimeiona, akageuka akaenda hatua kumi mbali kuzungumza. Kosa kubwa. Nikabaki na dada Mkongo, ameshika mkono wangu wa kushoto kwa nguvu, kama nilivyowafundisha.

"Yaya," akasema, macho yake kwenye reli. "Ile siku ya kaka yangu. Ulinitembeza sokoni, ukaninunulia soksi."

"Nakumbuka." Mwaka uliokuwa umepita, nilikuwa nimemzungusha soko la Bull Ring kwa muda wa saa tatu nzima, samaki, vitambaa, soksi, huku nyumbani kwake wanapanga viti.

"Mi nilikuwa najua. Tangu kwa mulango."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Akafikiri. "Niliona kama nikiuliza tu, basi anakufa. Nikasema, wacha anunue soksi."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa na machozi, na hakujisingizia baridi. Nilijua kwamba anajua kwamba najua.

"Unataka kuuliza, yaya? Uliza miye. Nitakwambia sasa hivi, hata kama dada atagomba."

Mkoba wa nesi ulikuwa umeachwa kwenye benchi, kati yetu. Ulikuwa unatetemeka tena. Uliteleza kidogo juu ya chuma chenye maji, ukasimama, ukateleza tena.

"Tumalize njia kwanza," nikasema. "Bado hatujaona upande wa pili."

Akaitikia kwa kichwa.

Basi tukaipanda kurudi, tukapita tena kila kitu kwa kinyume, maktaba, mwanamke wa shaba, nguzo, stesheni, kisha Bull Street, kisha chini ya madaraja hadi mtaa wa masonara. Kule tulitembea mtaa mzima madirisha yamejaa pete. Kijana na msichana walikuwa wamesimama nje ya duka moja wakichagua, na nesi akawaambia, "God bless you," wakashtuka. Mimi nilikuwa nimechoka na miguu imelowa. Niliitazama saa ya mnara ulio katikati ya makutano ya barabara. Ilikuwa saa saba na nusu. Nilijiambia kwamba wamechelewa sana. Kupanga viti hakuchukui muda huo, labda mchungaji alikuwa zamu. Nilikuwa nawapa alama, na ningewapa sita kwa kumi.

Ujumbe ukaingia kwa nesi. Alisoma, akavuta pumzi. "Haya dadangu. Turudi nyumbani sasa tupate chai."

Nilijua viatu nitakavyovikuta mlangoni kabla sijavifikia. Pea kama ishirini zimepangwa kwenye korido yangu nyembamba, za wanawake, za wanaume, buti za mvua, na viatu vya shule vya watoto waliochukuliwa njiani. Watoto hao hawasemi Kiswahili ila wanakielewa, na mmoja alikuwa ngazini. Aliponiona akasema, "She's here," akakimbilia juu. Ndani kulikuwa na harufu ya vitunguu na wali. Viti vya kanisa vimezunguka ukuta, televisheni imefunikwa kwa leso. Waliniketisha kwenye kochi, nesi kulia, dada Mkongo kushoto, na sijui ni mara ngapi nilikuwa nimemweka mtu mwingine pale pale, katika hali ile ile, nikijisikia ni msaada.

Mchungaji akaanza na maombi. Sheria yangu inasema usianze na maombi, maana mtu anasubiri. Aliomba kwa muda mrefu, kwa safari ya maisha, kwa waliotutangulia. Nilifumba macho nikiwa na neno moja tu kichwani, na neno hilo halikuwa la kumwendea Mungu. Akasema amina. Akavuta kiti chake karibu.

"Dada yetu, mama yako mzazi ametutoka leo asubuhi, hospitalini, huko Kitale."

"Afadhali," nikasema.

Lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliyeambiwa treni haijaondoka. Ni kitu cha kwanza nilichohisi siku nzima, ahueni, na ilikuja yote kwa mkupuo. Ni yeye. Si mtoto. Watu wetu hawakuachi hapo. Mzee mmoja akasema, "Amina, amepumzika." Mwingine akasema, "Ameumaliza mwendo." Nesi akanipigapiga mgongoni. Wakalichukua lile neno, wakalivisha nguo nzuri, na baada ya nusu dakika lilikuwa limekuwa neno la imani.

"Mami?"

Sauti ilitoka mezani. Kati ya kopo la sukari na Biblia ya mchungaji palikuwa na simu, imelazwa, imefunguliwa sauti, kama nilivyoagiza iwe. Sikuwa nimeiona. Sheria zote zile nilizipitia siku nzima moja baada ya nyingine, nikasahau ya mwisho, ambayo ni yangu kuliko zote.

"Mami, umesema nini?"

Hakuna aliyenisaidia. Nikasogea ukingoni mwa kochi. Nilimwambia pole, mwanangu. Nilimwambia nashukuru Mungu uko salama. Nilimsikia anapumua. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa magurudumu ya kitanda kwenye sakafu ya saruji, na mtu akiita nambari.

"Hakuwa mgonjwa," akasema. "Alianguka akiwasha jiko. Jirani alituleta na gari akarudi kazini. Saa tatu wakaniambia. Nikampigia mchungaji kwanza, vile ulisema. Akaniambia nisikupigie, wanakuandaa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nikangoja. Nimekaa hapa kwa benchi na viatu vyake. Hawa watu wananiuliza nani ni mkubwa wako, nani anasaini. Nikashindwa. Nikakupigia. Nimekupigia mara kumi na moja, Mami."

Saa ya ukutani kwangu ilikuwa saa nane na robo. Kwao ilikuwa saa kumi na moja na robo jioni. Dada Mkongo alikuwa ameuachia mkono wangu wa kushoto na kujifunika uso na kanga yake. Jikoni mtu alikuwa amewasha moto, na niliisikia chai yangu ya asubuhi inaanza kuchemka tena.

"Ulikuwa wapi?"

Watu wote walinitazama, na wote walijua jibu, maana ndio walionipeleka.

"Nilikuwa kwa tramu," nikamwambia. "Walikuwa wananitembeza."